Sahihi, Toleo la Kwanza na Makovu ya Historia: Ukusanyaji wa Riwaya za Afrika Mashariki

Mwezi Februari 1987 askari polisi wa Kenya walipita katika maduka ya vitabu, na katika ghala la mchapishaji jijini Nairobi, wakichukua nakala za riwaya moja iliyoandikwa kwa Kigikuyu. Riwaya hiyo ni *Matigari ma Njirũũngi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo ilikuwa imetoka miezi michache tu kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1986. Humo anasimuliwa mpiganaji wa vita vya ukombozi anayetoka msituni, anazika silaha zake, anajifunga mshipi wa amani, kisha anazunguka nchi nzima akiuliza ni wapi mtu anaweza kupata ukweli na haki. Habari zake zilienea vijijini kana kwamba ni mtu wa nyama na damu, na serikali ikatoa amri akamatwe. Ilipobainika kwamba anayetafutwa ni mhusika wa kubuni, kikakamatwa kitabu.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha dola inayowinda kivuli. Kwa mtu anayeshughulika na historia ya vitabu, hata hivyo, kina upande wa pili ambao haujazungumzwa vya kutosha. Chapa inapoondolewa madukani na ghalani, nakala zinazosalia ni zile tu zilizokwisha kununuliwa na kupelekwa majumbani: zilizofichwa chini ya godoro, zilizoazimwa na jirani zikasahauliwa, zilizovuka mpaka katika mzigo wa msafiri. Kila moja ya nakala hizo ni masalio ya tukio la kisiasa, na mkusanyaji anayeipata leo anapata vitu viwili kwa pamoja: hadithi ya majeraha ya taifa, na kitu ambacho chenyewe kilipitia sehemu ya majeraha hayo. Mwandishi wake alikuwa uhamishoni tangu mwaka 1982, wala hakurejea Kenya hadi mwaka 2004. Kwa hiyo, kwa muda wote huo, msomaji wa Nairobi au Limuru aliyekuwa na nakala yake hakuwa na njia ya kuipeleka kwa mwandishi ili aitie sahihi, isipokuwa nakala hiyo isafiri.

Ukusanyaji wa matoleo ya kwanza yenye sahihi za waandishi ni desturi iliyokomaa katika miji kama London na New York, na kanuni zake zilitungwa huko. Mkusanyaji hutofautisha toleo na chapa. Toleo la kwanza laweza kupigwa chapa mara nyingi, lakini anayoitaka yeye ni chapa ya kwanza kabisa. Hutafuta karatasi ya juu inayovikwa jalada gumu, kwa kuwa hiyo ndiyo huchanika na kutupwa mapema, na kukosekana kwake hupunguza bei kwa kiasi kikubwa. Huchukia muhuri wa maktaba, jina la mmiliki wa awali, doa la chai na ukurasa uliokunjwa pembe. Kuhusu sahihi, hupenda iwe katika ukurasa wenye jina la kitabu, si katika karatasi iliyobandikwa baadaye. Ikiwa mwandishi ameandika pia jina la aliyetunukiwa, thamani yaweza kupanda au kushuka kutegemea aliyetunukiwa ni nani. Rafiki wa mwandishi huongeza bei. Mtu asiyejulikana huipunguza. Katika hili pana dharau fulani kwa msomaji wa kawaida, lakini ndivyo soko lilivyo.

Juu ya kanuni zote hizo inasimama ile ya uhaba. Riwaya ya Chinua Achebe, *Things Fall Apart*, ilitolewa na Heinemann mwaka 1958 kwa nakala 2,000 tu za jalada gumu, na uchache huo ndio unaoipa nakala ya kwanza bei yake ya leo. W. G. Sebald alitoa *Austerlitz*, riwaya ya mtoto aliyeokolewa kutoka Prague na kukua bila kujua asili yake, katika mwaka 2001. Tarehe 14 Desemba ya mwaka huohuo akafariki katika ajali ya gari huko Norfolk. Nakala alizowahi kuzitia sahihi ni za miezi michache. Mfano huu unaonyesha jinsi biashara hii ilivyo na ubaridi wake, maana kifo cha mwandishi huingizwa katika hesabu ya bei sawasawa na hali ya jalada.

Kanuni hizi zikiletwa Afrika Mashariki bila kuchunguzwa, hupima vibaya. Mfano ulio wazi ni *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, riwaya ambayo Ngũgĩ aliiandika mwaka 1978 katika gereza la Kamiti juu ya karatasi za chooni, na ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Shetani Msalabani*. Ilipotoka mwaka 1980, mchapishaji alipiga chapa nakala 5,000, akitarajia kuziuza kwa miaka kadhaa. Mwaka haukwisha kabla hazijachapwa 15,000. Familia zilikusanyika jioni na kumpa kitabu yule aliyejua kusoma vizuri. Wafanyakazi walisomeana wakati wa mapumziko. Katika vilabu vya pombe walitokea wasomaji wa kujitolea ambao, bilauri ikikauka, walikifunga kitabu mahali pazuri pa hadithi mpaka mtu awaagizie nyingine. Nakala iliyopitia mikono hiyo haiwezi kuwa safi. Mfanyabiashara wa London angeiandika katika orodha yake kuwa ni nakala mbovu, ya kusomea tu. Lakini nakala hiyo imebeba historia ya mapokezi ya fasihi ambayo nakala safi haina hata chembe yake. Nakala safi ya *Caitaani* ni ile ambayo haikusomwa na mtu.

Je, basi, toleo la kwanza lina maana gani hapa, kama usafi na uhaba wake si jambo la msingi? Jibu lipo katika matini yenyewe, na hakuna kitabu kinachodhihirisha jambo hili kuliko *A Grain of Wheat*.

Riwaya hiyo ilitolewa na Heinemann mwaka 1967, ikiwa ya 36 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika. Masimulizi yake yanatukia katika siku chache zinazotangulia Uhuru wa Kenya wa tarehe 12 Desemba 1963, lakini kila mhusika anaburuta nyuma yake miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwandishi aliijua miaka hiyo kwa mwili wake. Alizaliwa mwaka 1938. Kaka yake aliingia msituni, mama yake aliteswa, ndugu yake aliyekuwa kiziwi alipigwa risasi, na mwaka 1955 aliporudi likizo kutoka shule ya Alliance alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishiwa katika kijiji cha ulinzi. Dibaji fupi ya toleo la kwanza imeandikwa kuwa ni ya Leeds, Novemba 1966. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 28, mwanafunzi katika mji wa baridi wa kaskazini mwa Uingereza, ndiye aliyekuwa akiandika habari za kambi za kizuizini wakati hati za serikali ya kikoloni kuhusu kambi hizo zilikuwa zimefungiwa. Hati nyingi kati ya hizo zilisafirishwa hadi Uingereza wakati wa Uhuru, na serikali ya huko haikukiri kuwa inazo mpaka mwaka 2011, wakati wa kesi iliyofunguliwa mahakamani na wazee wa Kenya. Mwaka 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa walalamikaji 5,228. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, msomaji aliyetaka kujua yaliyotendeka kambini alikuwa na ushahidi wa mdomo, kumbukumbu zilizoandikwa na wachache waliofungwa, na riwaya.

Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo vyao na maji waliyokunywa. Kwa hiyo katika historia hii kuna mazoea ya zamani ya kutoa maelezo ya kwanza na kuyabadili baadaye. Ndiyo sababu swali la toleo lipi la riwaya linasomwa haliwezi kuachiwa wakusanyaji peke yao.

Maana *A Grain of Wheat* nayo ilibadilishwa. Katika miaka ya 1980 mwandishi aliipitia upya, na toleo lililosahihishwa ndilo lililoenea madukani na shuleni tangu wakati huo. Baadhi ya mabadiliko ni ya istilahi za siasa: kile kilichoitwa Chama katika toleo la 1967 kikawa Harakati, neno lililo pana zaidi na lililo mbali zaidi na chama kilichokuja kutawala. Badiliko moja ni kubwa kupita yote. Katika toleo la kwanza, mhusika aitwaye Koinandu, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya mzungu na baadaye mpiganaji, anambaka Dkt. Lynd, mwanamke wa Kiingereza. Katika toleo lililosahihishwa mhusika huyo anaitwa Koina, mbwa wa mwanamke huyo anauawa, lakini ubakaji haupo.

Wahakiki wametofautiana kuhusu badiliko hili. Wapo wanaosema mwandishi aliyekomaa kisiasa aliona kwamba tukio hilo lilirudia propaganda ya kikoloni iliyomchora mpiganaji wa Mau Mau kama mnyama. Hoja hiyo ina uzito, kwani propaganda hiyo ilikuwapo na ilikuwa na nguvu. Wapo wanaoona kwamba kijana wa mwaka 1967 alikuwa na ujasiri ambao mtu mzima aliuacha: alithubutu kusema kwamba vita vya haki huweza kupiganwa na watu wanaotenda yasiyo ya haki, na kwamba jeraha la mwanamke halifutwi na rangi yake. Riwaya nzima imejengwa juu ya wazo kwamba hakuna aliyetoka katika Hali ya Hatari akiwa safi. Mugo, anayedhaniwa kuwa shujaa, ndiye msaliti. Kwa kigezo hicho cha kitabu chenyewe, toleo la kwanza linalingana zaidi na nia yake. Hata hivyo, haki ya mwandishi kurekebisha kazi yake haiwezi kukanushwa. Lisilokubalika ni wasomaji wawili kubishana juu ya uadilifu wa kitabu, mmoja akiwa na toleo la 1967 na mwingine akiwa na lililosahihishwa, pasipo yeyote kati yao kujua kwamba wanasoma vitabu viwili. Jambo hili hutokea hata katika kumbi za vyuo vikuu. Mwanafunzi hutaja ukurasa, mwalimu haupati, na kila mmoja humdhania mwenzake kuwa hakusoma.

Hapa mkusanyaji anafanya kazi ambayo maktaba nyingi hazikuifanya. Maktaba inaponunua toleo jipya, mara nyingi huondoa rafuni lile la zamani lililochakaa, kwa kudhani kuwa ni kitabu kilekile. Mkusanyaji, kwa sababu ambazo huenda ni za kibiashara tu, hulihifadhi lile la zamani.

Tena liko suala la jina. Ukurasa wa mbele wa *Weep Not, Child* (1964), *The River Between* (1965) na *A Grain of Wheat* (1967) unamtaja mwandishi kuwa ni James Ngugi. Mwaka 1970 mwandishi huyo alilihutubia Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki katika mkutano wake mkuu jijini Nairobi, akianza kwa kutamka kwamba yeye si Mkristo. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama kumkosoa kwa hasira, akamwambia kuwa anakana Ukristo hali jina lake mwenyewe ni James. Haukupita muda mrefu jina hilo likaachwa, na vitabu vilivyofuata vikatoka kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kwa wafanyabiashara wa vitabu, sahihi ya thamani kubwa ni ile iliyowekwa karibu na tarehe ya kuchapishwa: kwa vitabu hivi vitatu, sahihi ya kijana James. Nayo kwa kweli ni adimu, kwani miaka ile hakuna aliyemfuata mwandishi wa Kiafrika kwa ajili ya kumsainisha kitabu. *Weep Not, Child* yenyewe ilifika kwa Heinemann kwa njia ya Achebe, ambaye alipewa mswada wake katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962, wakati mwandishi akiwa bado mwanafunzi hapo. Lakini kwa mtafiti, iko aina nyingine ya nakala inayosema mengi zaidi: nakala ya miaka ya 1960 iliyotiwa sahihi miongo kadhaa baadaye, ambamo jina lililochapwa ni James Ngugi na jina lililoandikwa kwa kalamu, chini yake, ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika ukurasa mmoja kuna mkoloni, mmisionari, shule, gereza na uhamisho. Soko huiweka nakala hii daraja la pili, na soko limekosea. Mwandishi alifariki tarehe 28 Mei 2025 katika jimbo la Georgia, Marekani, na tangu siku hiyo hesabu ya nakala hizo imefungwa.

Mambo ni tofauti kidogo kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili, na tofauti hiyo inaanza mapema. Mwaka 1934 Sheldon Press ya London, iliyokuwa mikononi mwa wachapishaji wa Kikristo wa Kianglikana, ilitoa *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela. Mwandishi alitoka katika jamii ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Kitabu hicho hutajwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za nathari ya Kiswahili zilizoandikwa na Mwafrika, na kilisomwa shuleni kwa vizazi. Wahakiki wa baada ya Uhuru walikilaumu kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza kama wakombozi. Lawama hiyo ni ya haki, lakini huenda inamkuta mwandishi peke yake wakati ilipaswa kuukuta pia ukurasa wa mbele. Anayelishika toleo la 1934 anaona mara moja ni nani aliyelipia karatasi, ni wapi kitabu kilichapwa na ni wasomaji gani waliokusudiwa. Katika chapa za baadaye, zenye jalada jipya na jina la mchapishaji mwingine, ushahidi huo hufifia, akabaki Mbotela pekee akionekana kama aliyejichagulia maneno yote.

Vita vya Mau Mau navyo viliingia katika riwaya ya Kiswahili mapema. *Kaburi Bila Msalaba* ya P. M. Kareithi ilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya *A Grain of Wheat*. Kuhusu kitabu hiki orodha za minada ya kigeni ziko kimya, ingawa kinasimulia vita vilevile na kiliwafikia wasomaji ambao Kiingereza cha Ngũgĩ hakikuwafikia. Mchapishaji wake hayupo tena.

Zanzibar inatoa mfano ulio mgumu zaidi. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Inasimulia maisha ya bwana shamba na mtumishi wake Kijakazi, na inayaona Mapinduzi kama mapambazuko. Miaka michache kabla ya hapo mwandishi huyohuyo alikuwa amewekwa kizuizini, miongoni mwa wengi waliokamatwa baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Riwaya iliyotokana na gereza hilo, *Haini*, haikutoka mpaka mwaka 2003, tena ilichapishwa Nairobi na Longhorn, si Zanzibar wala Dar es Salaam. Miaka 31 inalitenga tukio na kitabu. Mtu akiziweka riwaya hizi mbili pamoja rafuni, katika matoleo yake ya kwanza, tarehe na miji ya uchapishaji inaeleza ni lini na ni wapi jambo fulani lilianza kusemeka. Akiwa na chapa za hivi karibuni tu, ambazo zimetoka zikiwa zimepangwa sawasawa kwa ajili ya shule, atadhani kwamba mwandishi alikuwa huru siku zote kusema yote.

Karatasi za vitabu vya Dar es Salaam vya miaka ya 1970 zilikuwa za gharama nafuu. Zimegeuka rangi kama ya tumbaku, gundi imekauka, na kurasa hutoka moja moja mkononi. Majalada mengi yalikuwa mepesi, kwa hiyo ile karatasi ya juu inayosakwa na wakusanyaji wa Ulaya haikuwahi kuwapo. Sahihi ni chache pia, kwa sababu iliyo rahisi: kitabu cha Kiswahili kilinunuliwa ili kisomwe, kifaulishe mtihani, kisha apewe mdogo wa aliyekimaliza. Majina yaliyoandikwa ndani ni ya wanafunzi, mengine yamekatwa kwa mstari na jina jingine kuandikwa chini, pamoja na kidato na jina la shule. Kwa soko la nje hayo ni uchafu. Kwa historia ya usomaji, orodha hiyo ya majina matatu au manne katika jalada la ndani ni aina yake ya sahihi.

Abdulrazak Gurnah anaonyesha jinsi macho ya soko yanavyoweza kufumbuka ghafula. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi, na riwaya yake ya kwanza, *Memory of Departure*, ilitolewa London na Jonathan Cape mwaka 1987. *Paradise* ilifuata mwaka 1994 kwa Hamish Hamilton, ikiwa na kisa cha Yusuf, mvulana anayetolewa kwa mfanyabiashara ili kufidia deni la baba yake, na kinachoishia pale askari wa Wajerumani wanapopita wakikusanya watu kwa ajili ya vita. *Afterlives* ya 2020 inaendelea karibu na hapo, ikiwafuata waliovaa sare hizo. Kwa miaka mingi matoleo ya kwanza ya vitabu hivi hayakuwa na msukumano wa wanunuzi. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa Tuzo ya Nobel, yakawa bidhaa ya kugombaniwa, na nakala zenye sahihi zikawekewa bei ambazo zingemshangaza aliyezinunua zikiwa mpya. Maneno ndani ya vitabu yalikuwa yaleyale.

Wazanzibari wengi waliisikia habari ya tuzo kabla ya kuwahi kuona kitabu. *Paradise* ilikuwa na umri wa miaka 28 ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kwa jina la *Peponi*, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Kwa kanuni za wakusanyaji, tafsiri si toleo la kwanza la kitu chochote. Huwekwa mwisho wa orodha, kama imewekwa kabisa. Kanuni hiyo haikufikiria kitabu ambacho wahusika wake huzungumza Kiswahili katika ulimwengu wa hadithi, ambacho mwandishi wake alizaliwa ndani ya Kiswahili, na ambacho kilisafiri kwa Kiingereza muda wote huo kabla ya kurudi pwani. Kwa msomaji wa Unguja au Bagamoyo, *Peponi* ya 2022 ndiyo mara ya kwanza kwa Yusuf kusema kwa sauti yake.

Yapo mambo ya utendaji yanayotokana na haya yote, nayo hayahitaji fedha nyingi. Bei inapopanda, sahihi za kughushi huja nyuma yake, na kinga pekee ni kuwa na nakala zinazojulikana historia yake, zilizopokewa na maktaba kutoka kwa mtu anayejulikana, katika siku iliyoandikwa. Kenya na Tanzania zina sheria zinazomtaka mchapishaji awasilishe nakala za kila kitabu kwa hifadhi ya taifa, lakini sheria hizo hulinda kitabu kinachochapishwa sasa; hazirudishi kilichotupwa. Mkutubi anayeamua kuondoa rafuni nakala iliyochakaa ya riwaya ya mwaka 1967, 1969 au 1978 anaweza kwanza kuilinganisha, ukurasa kwa ukurasa, na ile inayochukua nafasi yake. Wapo waandishi wa kizazi cha miaka ya 1970 ambao bado wanaweza kuulizwa ni sentensi zipi zilizoondolewa, na ni nani aliyeziondoa. Euphrase Kezilahabi, ambaye *Gamba la Nyoka* yake ya 1979 ilisimulia jinsi wanavijiji walivyohamishwa kwa nguvu katika siku za Ujamaa, hawezi kuulizwa tena. Alifariki Januari 2020.